Yehoyakini, Mfalme Aliyekaa Kifungoni Babeli Miaka 37

Katika orodha ya wafalme wa Yuda wako waliotawala miaka 40 na zaidi, na yuko aliyetawala miezi mitatu tu. Huyu wa miezi mitatu ni Yehoyakini bin Yehoyakimu, ambaye Biblia humwita pia Yekonia, na mara nyingine Konia. Alikalia kiti cha enzi akiwa kijana wa miaka 18, na baada ya miezi mitatu alikuwa mateka wa mfalme wa Babeli. Alikaa kifungoni miaka 37. Alipofunguliwa alikuwa mzee wa miaka 55 hivi, wala hakurudi kwao tena.

Wengi wanaosoma Agano la Kale hupita haraka juu ya jina lake, kwa sababu hakushinda vita wala hakujenga mji. Hata hivyo maisha yake yanastahili kuangaliwa kwa makini. Habari zake zimehifadhiwa na watu wake na pia na wale waliomfunga. Na kwa njia yake twaweza kufahamu jinsi watu wa kale walivyomtazama mfungwa, na jinsi cheo cha mtu kilivyomfuata hata nyuma ya milango iliyofungwa.

Ukoo wake na zama zake

Yehoyakini alikuwa mjukuu wa mfalme Yosia, yule aliyesifiwa kwa kuliondoa sanamu katika nchi ya Yuda na kuwarudisha watu kwenye torati. Mama yake aliitwa Nehushta binti Elnathani, mwenyeji wa Yerusalemu. Alizaliwa katika nyakati za hatari. Yuda ilikuwa nchi ndogo iliyobanwa baina ya dola mbili kubwa, Misri upande wa kusini, na Babeli upande wa mashariki. Mwaka 609 kabla ya kuzaliwa kwa Nabii Isa, Yosia aliuawa huko Megido alipojaribu kulizuia jeshi la Farao Neko. Mwanawe Yehoahazi alitawala miezi mitatu, kisha Farao akampeleka Misri, akafia huko. Mahali pake Farao alimweka ndugu yake, Yehoyakimu, ambaye ndiye baba wa huyu tunayemweleza.

Baada ya miaka minne tu mambo yaligeuka. Mwaka 605 K.K. Nebukadreza aliyavunja majeshi ya Misri huko Karkemishi, na mwaka ule ule akaurithi ufalme wa Babeli kutoka kwa baba yake, Nabopolasari. Yehoyakimu alilazimika kuwa mtumishi wake na kumlipa kodi. Lakini mwaka 601 K.K. Nebukadreza alipigana tena na Misri, akarudi kwao bila ushindi na jeshi lake likiwa limeumia sana. Yehoyakimu alidhani kwamba nguvu ya Babeli imekwisha, akazuia kodi akaasi. Nabii Yeremia a.s. alimwonya mara nyingi, naye hakusikia. Alikufa mwishoni mwa mwaka 598 K.K., wakati majeshi ya Babeli yalipokuwa yakijitayarisha kuja kumwadhibu. Deni la uasi wake likabaki juu ya shingo ya mwanawe.

Hapa yafaa kusema neno juu ya umri wa kijana huyu, maana jambo hili huwatatiza wachunguzi. Kitabu cha Pili cha Wafalme chasema kwamba alikuwa na miaka 18 alipoanza kutawala. Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, katika nakala nyingi, chasema alikuwa na miaka minane. Maneno haya mawili hayawezi kuwa sahihi yote kwa pamoja. Lakini kile Kitabu cha Wafalme kinasema pia kwamba alipochukuliwa mateka wake zake walichukuliwa pamoja naye, na mtoto wa miaka minane hana wake. Basi ni wazi kwamba miaka 18 ndiyo sahihi, na ile minane ni kosa la mwandishi aliyekuwa akinakili. Tutaona mbele kwamba ushahidi uliochimbuliwa ardhini wakubaliana na hesabu hii.

Siku aliyotoka nje ya mji

Nebukadreza aliliita jeshi lake katika mwezi wa Kislevu wa mwaka wa saba wa utawala wake, akaenda magharibi, akauzingira Yerusalemu. Habari hii haitegemei Biblia peke yake. Watu wa Babeli walikuwa na desturi ya kuandika mambo makuu ya kila mwaka juu ya mabamba ya udongo mbichi, kwa maandishi yenye umbo la kabari, na bamba moja la namna hiyo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Uingereza huko London. Mwanachuoni Donald Wiseman alilitangaza mwaka 1956. Lasema kwamba mji wa Yuda ulitekwa siku ya pili ya mwezi wa Adari, ambayo kwa hesabu yetu ni tarehe 16 Machi mwaka 597 K.K., kwamba mfalme wake alikamatwa, na kwamba Nebukadreza akaweka mfalme mwingine aliyempenda yeye, akachukua kodi nzito.

Biblia yatueleza jinsi mfalme yule alivyokamatwa. Yehoyakini hakungoja kuta zivunjwe. Alitoka nje ya mji yeye mwenyewe, pamoja na mama yake, watumishi wake, wakuu wake na matowashi wake, akajitia mikononi mwa adui. Wako wanaoweza kumwita mwoga. Lakini tukitazama matokeo yake, twaona kwamba kwa kitendo kile mji haukuchomwa moto, Hekalu halikubomolewa, na watu waliobaki waliendelea kuishi katika nyumba zao kwa miaka mingine 10 na zaidi. Kijana wa miaka 18 aliyalipa makosa ya baba yake kwa uhuru wake mwenyewe.

Waliochukuliwa pamoja naye hawakuteuliwa ovyo ovyo. Kitabu cha Wafalme chataja watu 10,000, wakiwamo mashujaa wa vita 7,000 na mafundi na wafua chuma 1,000; Kitabu cha Yeremia chataja watu 3,023. Huenda hesabu hii ya pili ni ya aina fulani ya watu tu. Lakini vitabu vyote viwili vyaonyesha jambo moja: Babeli ilichukua vichwa na mikono ya nchi, yaani wakuu, askari na mafundi, ikawaacha maskini wakulima. Katika ufalme wa Yuda Nebukadreza akamweka Matania, amu yake Yehoyakini, akalibadili jina lake kuwa Sedekia.

Mfungwa katika nchi ya mito miwili

Ili kufahamu hali iliyomngoja Yehoyakini huko Babeli, yatupasa kwanza tufahamu maana ya kifungo katika nchi ile iliyo baina ya mito ya Frati na Tigri, ambayo sehemu yake kubwa leo ni nchi ya Iraki.

Sisi tumezoea kwamba mhalifu hufikishwa mbele ya hakimu, hakimu humhukumu kifungo cha miaka kadhaa, na miaka hiyo ikiisha mtu hurudi nyumbani. Watu wa Babeli hawakuwa na mpango huo. Sheria za mfalme Hammurabi, aliyetawala tangu mwaka 1792 hata 1750 K.K., zimechongwa juu ya nguzo ya jiwe jeusi iliyopatikana Susa, nchini Iran, mwaka 1901 na 1902, na sasa imo katika jumba la Louvre huko Paris. Sheria hizo karibu 300 zaadhibu kwa kifo, kwa kukata viungo, kwa viboko na kwa kulipa fedha. Hakuna hata moja inayomhukumu mkosaji kukaa jela kwa idadi fulani ya miaka. Nyumba ya kufungia ilikuwapo, lakini ilikuwa mahali pa kumweka mtu mpaka jambo lake litakapoamuliwa, au mpaka deni lilipwe, au mpaka mfalme apende vinginevyo. Kwa hiyo mfungwa hakujua siku yake ya kutoka.

Jambo la pili ni hili: sheria zenyewe hazikuwatazama watu wote kwa jicho moja. Zilitaja madaraja matatu: mwungwana, mtu wa hali ya chini aliye huru, na mtumwa. Aliyemtoboa mwungwana mwenziwe jicho, naye alitobolewa jicho. Aliyemtoboa jicho mtu wa hali ya chini alilipa mina moja ya fedha, yaani karibu nusu kilo. Na aliyemtoboa mtumwa wa mtu alilipa nusu ya bei ya mtumwa huyo, na malipo yalikuwa ya bwana wake.

Tofauti hii ilimfuata mtu hata kifungoni. Mwenye kudai aliweza kumshika mtu wa nyumba ya mdaiwa na kumweka kwake kama rehani. Sheria ya Hammurabi yasema kwamba rehani huyo akifa kwa ajali yake mwenyewe, hakuna madai. Lakini akifa kwa kupigwa au kuteswa, huangaliwa alikuwa nani. Kama alikuwa mwana wa mwungwana, mwana wa yule mwenye kudai huuawa badala yake. Kama alikuwa mtumwa, mwenye kudai hulipa theluthi moja ya mina ya fedha, yaani shekeli 20, na kuipoteza fedha aliyokuwa akiidai. Kifo kilikuwa kimoja, nyumba ilikuwa moja, na mapigo yalikuwa yale yale. Lakini mmoja thamani yake ilikuwa roho ya mtu, na mwingine thamani yake ilikuwa konzi ya fedha. Yafaa pia tuseme haki: sheria ile ile iliamuru kwamba mwungwana akimtoa mkewe au mtoto wake afanye kazi kwa ajili ya deni, watumike miaka mitatu, na mwaka wa nne waachwe huru. Mtumwa hakupewa rehema hiyo.

Mateka wa vita walikuwa na hali yao. Katika mji wa Uruk, karne ya 18 K.K., mfalme Rim-Anum alikuwa na nyumba maalum ya mateka wa vita, na mabamba yaliyopatikana huko yahesabu unga waliopewa na kazi walizogawiwa. Wengi wao majina yao hayakuwa na maana kwa yeyote ila kwa yule karani aliyehesabu unga. Lakini mfalme aliyetekwa hakuwa mateka wa namna hiyo. Yeye alikuwa mali ya siasa. Akiwa hai mikononi mwa aliyemteka, watu wake huko nyumbani wangeogopa kuasi; na yule aliyewekwa mahali pake angejua kwamba mwenye haki ya kiti yupo bado, na kwamba aweza kurudishwa wakati wowote.

Yaliyofukuliwa katika jumba la Nebukadreza

Kwa zaidi ya miaka 2,400 habari za kifungo cha Yehoyakini zilijulikana kwa Biblia tu, na wako waliozitilia shaka. Kuanzia mwaka 1899 hata 1917 Mjerumani Robert Koldewey alichimba magofu ya Babeli, karibu na mji wa Hilla, kusini ya Baghdad. Ndani ya jumba kubwa la mfalme, upande wa kaskazini mashariki, aliona jengo lenye vyumba vya matao, akadhani amepata zile bustani mashuhuri za Babeli. Katika jengo hilo mlipatikana mabamba mengi ya udongo, yakapelekwa Berlin. Mwaka 1939 mwanachuoni Ernst Weidner alitangaza baadhi yake, na ndipo ilipojulikana kwamba jengo lile lilitumika kuwa ghala.

Mabamba yale ni hesabu za ghala ya mfalme. Yaonyesha mafuta, shayiri na vyakula vingine waliyopewa watu waliotunzwa kwa gharama za jumba, tangu mwaka wa 10 hata mwaka wa 35 wa Nebukadreza, yaani mwaka 595 mpaka 570 K.K. Wamo mabaharia wa Tiro, maseremala wa Gebali na wa Uyunani, watu wa Misri, wa Elamu na wa Umedi, na wana wa mfalme wa Ashkeloni. Na miongoni mwao limo jina la Yehoyakini, lililoandikwa kwa matamshi ya Kibabeli, pamoja na cheo chake cha mfalme wa Yuda, na wanawe watano chini ya mlezi wao. Mojawapo la mabamba hayo lina tarehe ya mwaka wa 13 wa Nebukadreza, ambao ni mwaka 592 K.K.

Tafakarini juu ya jambo hili, wasomaji wapendwa. Karani yule hakuwa Mwisraeli, wala hakuwa na nia ya kukithibitisha kitabu cha mtu yeyote. Alikuwa akihesabu mafuta tu. Lakini kwa kuhesabu mafuta alishuhudia kwamba mtu huyo alikuwapo, kwamba alikuwa Babeli, na kwamba alikuwa na watoto watano. Hapa ndipo ile hesabu ya miaka 18 inapotiwa nguvu: aliyekuwa mtoto wa miaka minane mwaka 597 asingeweza kuhesabiwa mzazi wa wana watano katika miaka ya ujana wake huko Babeli.

Vipimo vyenyewe vina maana kubwa. Watu wa kawaida wa Yuda waliotajwa humo walipata nusu ya kipimo kiitwacho sila, ambacho hakizidi lita moja. Wale wana watano wa mfalme walipata sila mbili na nusu kwa pamoja, yaani nusu sila kila mmoja, sawasawa na watu wengine. Lakini mfalme mwenyewe alipewa zaidi ya mara 10 ya kipimo hicho. Mtu hawezi kula mafuta mara 10 kuliko mwenziwe. Bila shaka alikuwa na watu wa nyumba yake wa kuwalisha; lakini pia kipimo kile kilikuwa alama ya heshima. Babeli ilimvua Yehoyakini ufalme wake, haikumvua cheo chake. Ilikihifadhi cheo hicho kama mtu anavyohifadhi chombo ambacho huenda akakihitaji.

Wengine huuliza: Kama alipewa heshima hiyo, mbona Biblia yasema kwamba alitolewa gerezani na kubadilishiwa mavazi ya kifungo? Baadhi ya wanavyuoni hudhani kwamba mwanzoni alikaa jumbani kwa nafasi, na baadaye alibanwa zaidi kwa sababu ya fitina fulani. Tukikumbuka tulivyoeleza juu ya kifungo cha Babeli, hatuoni mgongano wowote. Kifungo kilikuwa na daraja nyingi, na mfungwa aliweza kupandishwa au kushushwa kwa neno moja la mfalme. Mwenye kula mafuta ya jumba la mfalme na asiweze kutoka katika lango lake, huyo ni mfungwa.

Mfungwa wa pili, Sedekia

Yatupasa sasa tumlinganishe na amu yake. Sedekia aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba atamtii Nebukadreza, kisha akavunja kiapo chake na kutafuta msaada wa Misri. Yerusalemu ukazingirwa mara ya pili kwa mwaka mmoja na nusu hivi, njaa ikawamaliza watu, na katika mwaka 587 au 586 K.K. ukuta ukabomolewa. Sedekia alikimbia usiku, akakamatwa karibu na Yeriko, akapelekwa Ribla mbele ya mfalme. Wanawe waliuawa mbele ya macho yake, kisha macho yake yakang'olewa, akafungwa pingu za shaba, akatiwa gerezani Babeli mpaka siku ya kufa kwake. Hekalu likachomwa moto.

Wafalme hawa wawili walikuwa wa ukoo mmoja, waliketi juu ya kiti kimoja, na walifungwa na mfalme mmoja katika mji mmoja. Mmoja alikula pamoja na wanawe. Mwingine, kitu cha mwisho alichokiona duniani ni kifo cha wanawe. Kwa hiyo cheo peke yake hakikutosha kumwokoa mtu katika jela ya Babeli. Cheo kilikuwa na faida kwa yule tu aliyejisalimisha. Kwa yule aliyevunja kiapo, cheo kile kile kilimzidishia adhabu, maana mfalme wa Babeli alitaka mataifa yote yaone. Qurani Tukufu pia, katika sura ya Bani Israili, yakumbusha jinsi Bani Israili walivyoletewa watumishi wenye nguvu kali waliopenya majumbani mwao kwa sababu ya uharibifu walioufanya nchini. Na wafasiri wengi wamelieleza jambo hilo kuwa ni msiba huu wa Nebukadreza.

Manabii na tumaini la wafungwa

Miaka ya kwanza ya kifungo, watu wa Yerusalemu walimngoja Yehoyakini arudi. Alisimama mtu mmoja, jina lake Hanania, akatabiri Hekaluni kwamba katika muda wa miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa, na Yekonia atarudishwa pamoja na mateka wote na vyombo vya Hekalu. Utabiri huu uliwapendeza watu sana. Yeremia a.s. aliwaambia kinyume chake: kwamba mateka wasidanganyike, bali wajenge nyumba na kupanda bustani huko waliko, waoe na waozeshe, na wauombee amani mji ule waliohamishiwa, maana kukaa kwao kutakuwa kwa muda mrefu. Hanania alikufa mwaka ule ule, na miaka miwili ikapita, Yehoyakini yumo kifungoni. Mwenye kutafuta kipimo cha nabii wa kweli na wa uongo na aisome habari hii kwa utulivu. Nabii wa kweli hakuwapa wafungwa kile walichotaka kusikia. Aliwapa kile kilichowawezesha kuishi.

Miongoni mwa waliochukuliwa pamoja na Yehoyakini alikuwamo Ezekieli, ambaye baadhi ya wafasiri wa Kiislamu humwona kuwa ndiye Dhul-Kifli aliyetajwa katika Qurani. Yeye aliuona wito wake kando ya mto Kebari, nao ulianza katika mwaka wa tano wa kuhamishwa kwa mfalme Yehoyakini. Tena matukio mengi ya kitabu chake yamehesabiwa kwa miaka ya uhamisho ule. Watu wengine huhesabu miaka kwa utawala wa mfalme wao, lakini hawa waliihesabu kwa kifungo cha mfalme wao. Na kwamba waliifuata shauri la Yeremia yathibitishwa na mabamba mengine, yaliyotangazwa mwaka 2014, yanayotaja kijiji huko Babeli kilichoitwa mji wa Yuda. La kwanza katika hayo ni la mwaka 572 K.K. Humo twawaona Wayahudi wakilima, wakilipa kodi, na kuandikiana mikataba.

Iko hoja moja tena ambayo hutolewa dhidi ya Yeremia. Alitabiri kwamba Konia aandikwe kama mtu asiye na watoto. Na sasa mabamba yamtaja akiwa na wana watano, na Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati chawataja saba. Je, utabiri ulianguka? La hasha. Utabiri wenyewe unaeleza maana yake palepale: hakuna hata mmoja wa uzao wake atakayefanikiwa kuketi juu ya kiti cha Daudi. Ndivyo ilivyokuwa. Mjukuu wake, Zerubabeli, aliwaongoza watu kurudi Yerusalemu na kujenga upya Hekalu lililomalizika mwaka 515 K.K.; lakini Zerubabeli alikuwa liwali chini ya mfalme wa Uajemi, hakuwa mfalme. Watoto alikuwa nao, ila mrithi wa kiti hakuwa naye.

Siku ya kufunguliwa

Nebukadreza alikufa mwaka 562 K.K. baada ya kutawala miaka 43. Alirithiwa na mwanawe Amel-Marduk, ambaye Biblia humwita Evil-merodaki. Mfalme huyu mpya, mwishoni mwa mwezi wa 12 wa mwaka wa 37 wa uhamisho, yaani katika majira ya Machi na Aprili mwaka 561 K.K., alimtoa Yehoyakini gerezani. Alisema naye kwa wema, akamwekea kiti juu ya viti vya wafalme wengine waliokuwa pamoja naye Babeli, akamvua mavazi ya kifungo, akamlisha mezani pake, na akamwekea posho ya kila siku maisha yake yote.

Kwa nini alifanya hivyo? Wafalme wa Babeli walikuwa na desturi ya kutenda hisani mwanzoni mwa utawala wao. Lakini huenda ikawapo sababu nyingine. Mapokeo ya Kiyahudi husema kwamba Amel-Marduk mwenyewe aliwahi kufungwa na baba yake. Na liko bamba la Kibabeli lenye maombolezo ya mwana mmoja wa Nebukadreza, aitwaye Nabu-shuma-ukin, aliyetiwa kifungoni kwa kusingiziwa. Baadhi ya wanavyuoni wanaona kwamba yeye ndiye aliyebadili jina lake akawa Amel-Marduk. Kama ni hivyo, basi aliyemfungulia mfungwa yule mlango alikuwa amekwisha kuionja jela.

Ila tusisahau kwamba uhuru ule ulikuwa nusu. Yehoyakini hakurudishwa kwao. Aliketi juu ya kiti cha juu miongoni mwa wafalme ambao wote walikuwa wafungwa kama yeye. Na mkono uliompandisha haukudumu, kwani mwaka 560 K.K. Amel-Marduk aliuawa na shemeji yake Neriglisari. Hapo Yehoyakini anatoweka katika historia.

Mafunzo kwetu

Maisha ya mfalme huyu yatufundisha mambo mawili. La kwanza, mtu aliyefungwa Babeli hakuwa na haki, alikuwa na cheo. Na cheo chake kilikuwa mikononi mwa aliyemfunga. Hakuna hakimu aliyempa Yehoyakini miaka 37, na hakuna hakimu aliyemwachilia. Alifungwa kwa siasa ya mfalme mmoja, akafunguliwa kwa hisani ya mfalme mwingine. Wale waliokuwa na nusu sila ya mafuta, na wale wasagaji unga ambao majina yao hayakuandikwa, hawakupata hata hisani hiyo. Ndiyo maana dini ya haki inapozungumza juu ya mfungwa haiulizi kwanza alikuwa nani. Qurani Tukufu, katika sura ya Ad-Dahri, yamtaja mfungwa pamoja na maskini na yatima, na yawasifu wale wanaowalisha watatu hao kwa ajili ya mapenzi ya Mungu, bila kutaka malipo wala shukrani. Hapo kipimo cha chakula ni haja ya mwenye kula.

La pili, kijana aliyejisalimisha na kuvumilia aliacha uzao uliorudi na kujenga. Na mtu mzima aliyevunja kiapo chake hakuacha kitu. Yehoyakini hakuwa mtu mtakatifu. Biblia yenyewe yasema alitenda maovu kama baba yake. Lakini aliiweka roho ya mji wake mbele ya kiti chake, na Mwenyezi Mungu haipotezi kazi ya mtu, ijapokuwa ni kazi ya siku moja.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwakumbuka waliofungwa, wakubwa na wadogo, na atupe subira katika yale tusiyoweza kuyabadili. Amin.